Nimeamka na kinyesi cha kuku

Jamani, leo nimefungua banda nikakuta kinyesi cha rangi ya chokoleti, kinanata kama uji ulioungua, harufu usiseme! Nikajua kuku wangu sita wamekwisha. Nikampigia bwana mifugo, akacheka weee. Kumbe hicho kinatoka kwenye vifuko viwili vya utumbo, chakula kinachachuka humo, na kuku mzima hukitoa mara kadhaa kwa siku. Kile kingine kigumu chenye kofia nyeupe? Huo weupe ndio mkojo wao. Cha kuogopa ni damu, hasa kwa vifaranga waliojikunyata, mabawa chini: hapo shuku koksidiosisi, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vimelea, usingoje kesho. Mwenyewe tetea alikuwa ananidonoa kidole gumba, anadai pumba.