Siku moja gereji Mtwara: raba za vioo za gari la zamani

Saa 1:30 asubuhi. Hilux ya miaka ya 1990 imeingia. Kioo cha dereva hakipandi bila kusukumwa kwa mkono, na mvua ikinyesha kiti kinalowa. Kabla ya kununua chochote, angalia ni raba ipi imekufa. Mlango una tatu: inayolamba kioo pale kinapozama mlangoni, ya njia ya kioo (umbo la U, ina manyoya ndani), na ya fremu inayobanwa mlango ukifungwa. Wengi hununua zote, kumbe iliyochoka ni moja.

Saa 2. Kava la mlango linatoka. Klipu zilizokauka huvunjika, kwa hiyo weka za akiba. Nailoni iliyo nyuma ya kava ibandue taratibu, usiichane. Manyoya yamejaa mchanga mtupu, ndio unaochora mistari ya wima kwenye kioo.

Saa 3. Hapa ndipo pesa inapookolewa. Kata sentimita 5 za raba ya zamani, sehemu iliyokuwa imezama ndani ya mlango. Huko jua halifiki, umbo lake bado ni lile la kiwandani. Pima unene wa kioo, kisha upana wa nje na kina cha U. U ikiwa pana mno, kioo kinagongagonga gari likitembea; ikibana mno, meno ya mashine inayopandisha kioo yanaliwa. Urefu pima kwa kamba, ongeza sentimita 5.

Saa 4, mjini. Usiulize "raba ya Hilux", utatajiwa bei ya jina. Toa kipande, ulizia inayofanana, ya kukata kwa mita. Sponji za milango ya nyumba achana nazo: zinanyonya maji, na kwa chumvi ya bahari yetu hii, bati linaoza chini yake.

Ile ya kulamba kioo haiuzwi kwa mita, kwa kuwa ina bati na vibanio vyake. Tafuta ya mtumba. Ikunje, ikionyesha nyufa iache. Ukiagiza Kariakoo, tuma picha za ncha zote mbili zikiwa na rula pembeni, taja mwaka wa gari na upande.

Saa 7 mchana. Osha njia kwa brashi na maji ya sabuni. Petroli na dizeli hapana, raba inavimba. Zibua kwa waya matundu ya chini ya mlango, piga msasa penye kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke.

Saa 9. Anzia kona za juu. Sukuma raba iingie, usiivute: iliyovutwa hurudi, na baada ya siku chache kona inabaki wazi. Penye kona kata V ndogo mgongoni, isifike kwenye manyoya. Malizia kwa silikoni ya kupuliza. Girisi inakamata vumbi.

Saa 10:30. Bana karatasi kwenye mlango, ivute: ikitoka kirahisi, hapo panavuja. Kisha mpira wa maji, kuanzia chini kwenda juu. Maji yakitokea miguuni na raba zote ni kavu, rudi kwenye nailoni: haikubandikwa sawasawa.