Bibie na ile chupa

Jana usiku mtoto wa wapangaji wapya wa chumba cha uani alilia kuanzia saa mbili mpaka karibu saa nne, na sio kilio cha homa wala cha tumbo, ni kile cha njaa yenye hasira, mtoto anataka na hapo hapo hataki. Nikachungulia dirishani nikamwona baba mtu barazani, kifua wazi, taulo begani, chupa mkononi, anatembea mpaka kwenye karo anageuka, anarudi mpaka mlangoni anageuka. Mama Bibie akaniangalia. Mi nikajifanya nasoma meseji.

Sisi hii kesi ya mtoto kugoma chupa tulikuwa nayo na Bibie wetu mwisho wa 2023. Mnaokumbuka kipindi kile mnakumbuka, mgao wa umeme umekolea, na juu yake mvua za El Nino, uchochoro wetu wote matope mpaka kwenye ngazi.

Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, na Jumapili zinahesabiwa humo humo. Mama Bibie alizianza mapema kwa sababu miguu ilimvimba, kwa hiyo zaidi ya wiki mbili ziliishia kumsubiri Bibie ambaye hakuwa na haraka na mtu. Siku ya kurudi kazini inafika mtoto hata miezi mitatu hajagusa. Mimi baba sheria inanipa siku 3, lakini bosi wangu ni mimi mwenyewe, nafanya kadi za harusi na mabango kwenye laptop, tukakubaliana mi ndo nabaki. Sheria ile ile inampa mama anayenyonyesha masaa 2 kwa siku ya kwenda kunyonyesha. Sasa niambieni nani anatoka Posta, katikati ya Dar alikokuwa anafanya kazi, mpaka Mbagala kwetu na kurudi ndani ya masaa 2, tena kwa Kilwa Road ya wakati ule, njia ya mwendokasi ipo tunaitazama, mabasi yenyewe hayajaja. Bosi wake alikuwa muungwana, akamwambia yaunganishe mwishoni, awe anatoka saa tisa badala ya saa kumi na moja. Kwa hiyo kuanzia alfajiri mpaka alasiri ni mimi, Bibie na maziwa ya kwenye friji. Friji lenyewe la mgao.

Kwenye kliniki nesi alishatuambia chupa hataki hata kuisikia. Kikombe kidogo au kijiko, basi. Chuchu zile za mpira zinaficha uchafu, mtoto ataharisha, halafu akizoea ile akirudi kwenye ziwa la mama anavuta ovyo ovyo. Tukaitikia ndiyo nesi, tumeelewa nesi. Tukatoka pale tukapitia dukani kununua chupa.

Jamani, yule mtoto aliichukia ile chupa. Wiki za mwisho za likizo ndani ya nyumba hakukuwa na stori nyingine. Mama yake akimpa yeye mwenyewe, Bibie anamwangalia usoni, anaangalia chupa, anageuza shingo kutafuta kifua, maana harufu ya mali halisi anaisikia hapo hapo, kwa nini akubali mpira? Shangazi mtu akasema mama atoke nje kabisa ya nyumba. Akatoka akakaa kwa jirani, mtoto akilia maziwa yanamchuruzika kwenye gauni huko huko aliko, anarudi mbio. Dada yangu wa Tabata akasema tusisubiri awe na njaa ya kufa, tumpe akiwa ametulia, hata akiwa na usingizi usingizi. Mwingine akasema tuilowekee chuchu maji ya moto ipate uvuguvugu. Mwingine tubadilishe chuchu, tutafute laini yenye tundu dogo. Nikamgeuza akae ananipa mgongo aangalie nje. Nikamfunika na kanga ya mama yake aliyolalia. Chuchu ikiingia mdomoni anaisukuma kwa ulimi, taratibu kabisa, bila kelele, halafu ndo analia.

Na kulikuwa na hili la sabuni. Mama Bibie alikuwa anakamua kwa mkono usiku wa manane, kwa sababu ile pampu ya kubinya tuliyonunua Kariakoo ilikuwa inamuuma kuliko uchungu wenyewe (maneno yake sio yangu), na tunaandika tarehe na saa kwa makapeni kwenye vikopo. Nje tuliambiwa masaa 4 na kwa joto la Dar tusijaribu kufika huko, kwenye friji siku 4. Umeme ukikatika tunahamishia kwenye hotipoti kubwa la zawadi ya harusi, tumelijaza vifuko vya barafu kutoka upande wa pili wa barabara, wao zamu yao ya giza ilikuwa tofauti na yetu. Sasa siku moja nikayanusa, yananuka sabuni ya kipande. Nikaambiwa sisuuzi chupa. Tulinuniana siku nzima kwa ajili ya povu ambalo halikuwepo, maana kumbe kuna kina mama maziwa yao yana kimeng'enya kinachovunja mafuta haraka, yakikaa kwenye baridi yanaanza kunuka hivyo na hayana ubaya wowote, ila mtoto mwenye pua yake anaweza kuyakataa. Ukiyapasha yakiwa mabichi mpaka vipovu vinaanza kuonekana pembeni mwa sufuria, kabla hayajachemka, ukayapoza haraka haraka, harufu haiji. Tukaanza kufanya hivyo. Bibie akaendelea kugoma na yasiyonuka.

Basi likizo ikaisha.

Asubuhi yenyewe mama yake alimnyonyesha saa kumi na nusu, akaondoka na viatu mkononi kwa sababu ya matope. Umeme haupo, mvua inapiga bati kiasi kwamba huwezi kuongea na simu. Bibie akaamka kama saa mbili na nusu hivi, anacheka kabisa. Nikasema leo ndo leo. Nikapasha kwenye bakuli la maji ya moto, nikadondoshea kwenye kiganja kusikia joto, nikakaa, nikampa. Ulimi. Nikasubiri, nikampa. Ulimi tena, na sasa uso umeanza kukunjamana. Nikamwimbia ule wimbo wa mama yake. Nikatembea. Nikaketi. Kufika saa tatu na nusu sauti ilikuwa imeshakauka, anafungua mdomo na hakitoki kitu kwa sekunde kadhaa ndo kinatoka, na mimi nimejifunga kanga ya mama yake kifuani kwa mafundo mawili, jasho linanitiririka, chupa imeshapoa na ile krimu imejitenga juu.

"Hodi humu."

Bi Mkubwa wa chumba cha mbele. Muuza vitumbua. Alisimama mlangoni na mfuko wa rambo kichwani, hajacheka, japo ile kanga kifuani kwangu ilistahili kuchekwa.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba. Baba, huyo mtoto unamchinja?"

"Amegoma chupa."

"Mama yake kaenda kazini?"

"Ndiyo."

"Maziwa kaacha?"

Nikamwonyesha chupa. Akaifungua, akanusa, akadondosha tone nyuma ya mkono akalamba. "Mbona mazuri. Lete kikombe." Nikamletea kikombe cha chai. Akakiangalia. "Hicho cha kumkogeshea? Nenda kwangu, kabatini, juu kushoto, vipo vya kahawa vya maua, lete kimoja. Kisuuze na maji ya moto." Nikatoka mbio kwenye mvua nikiwa na kanga yangu vile vile, na watu wa dukani waliniona, hilo ni suala lingine.

Niliporudi alikuwa ameshakaa kwenye kigoda. Bibie amefungwa mikono ndani ya kanga isirukeruke, amekalishwa wima mapajani, sio kulazwa vile nilivyokuwa namlaza mimi, kichwa kimeegemea mkono wa Bi Mkubwa. Bado analia ile ya kukauka. Bi Mkubwa akamimina kidogo kwenye kikombe, akausogeza ukingo ukakaa juu ya mdomo wa chini, akakiinamisha mpaka maziwa yakagusa mdomo. Halafu akaacha. Hakufanya kitu kingine.

Mi nasubiri amimine.

"Humiminii, Bi Mkubwa?"

"Nikimimina atapaliwa. Kazi ni yake. Mimi nimeshika kikombe tu."

Tukakaa hivyo. Mvua inapiga. Mtoto anavuta pumzi za kwikwi, maziwa yapo pale mdomoni, hayaendi mbele wala hayarudi. Mi nahesabu moyoni barafu iliyobaki kwenye hotipoti. Ulimi ukatoka. Nikajua ndo unakuja kusukuma, nimeshauzoea ule ulimi. Ukagusa maziwa ukarudi ndani. Uso ukakunjamana, ukafunguka. Ukatoka tena. Bi Mkubwa hakutikisika, hakusema haya mama, hakusema kunywa mwanangu, yale yote niliyokuwa nabembeleza mimi tangu asubuhi. Ulimi ukatoka ukaramba, ukaramba, halafu pakawa na kasauti kadogo ka kumeza. Akameza! Mi nikashika ukuta.

Nusu ilimwagika shingoni, nikiangalia vile vitone nakumbuka mama yake alivyokaa saa nane usiku anasinzia huku anakamua, roho inaniuma kila kimoja. Lakini nusu iliingia. Akaacha mwenyewe, akafunga mdomo, akageuza uso, Bi Mkubwa akaondoa kikombe hapo hapo bila kumlazimisha. Akamweka begani akacheua. Akanikabidhi. "Kikombe kaa nacho," akasema, akavaa rambo lake akatoka.

Saa sita mama Bibie akapiga.

"Vipi?"

"Amekunywa."

Kimya. Nasikia mashine ya risiti nyuma yake.

"Kwa chupa?"

"Kwa kikombe. Bi Mkubwa kamnywesha."

"Amelia?"

"Kidogo."

"Haya." Akakata.

Mi nilitegemea vigelegele bana. Jioni amefika, hajaosha miguu, blauzi imelowa na sio kwa mvua, akamchukua Bibie akakaa pale pale kizingitini akamnyonyesha. Nikaanza kusimulia, kikombe cha maua, ulimi, kigoda, nimenogewa kabisa. Hakunikatisha. Nilipomaliza akasema, "Sasa si nibaki tu huko huko Posta." Akacheka, ila kile kicheko sikukipenda. Wiki ngapi tumehangaika mtoto akubali kitu kisicho yeye, na siku anakubali ndo mama yake anakaa mlangoni na matope miguuni anamshika kichwa vile. Nikataka kusema neno. Nikaenda kuosha hotipoti. Mpaka leo sijui pale nilitakiwa kujibu nini, na sijawahi kumuuliza, yeye mwenyewe akisimulia hii stori anaanzia kwenye mimi na kanga kifuani na anaishia hapo hapo.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Tulitumia kikombe, nikawa fundi, kumwagika kukapungua. Nesi akatusifu kweli kweli. Halafu likizo za Desemba mjukuu wa Bi Mkubwa akaja, binti wa darasa la nne, akaikuta ile chupa kwenye kabati, nilishaiweka mbali na maisha yangu. Nikiwa nageuza kadi ya mtu, nageuka, kampakata Bibie barazani, yupo busy kuangalia kuku wa watu, chupa ameishika bila hata kuangalia inaelekea wapi, na Bibie ananyonya. Ananyonya! Ameishika na mikono yote miwili. Nikamuuliza yule binti umefanyaje. "Sijafanya kitu baba, alikuwa anaitaka."

Sasa huyu kijana wa uani nimwambie nini? Bi Mkubwa ameshahamia kwa mwanae Chanika. Kila aliyekuwepo ana toleo lake: shangazi anasema ni kutoka nje, dada wa Tabata anasema ni ule usingizi usingizi, mama mkwe Tanga anaamini ni dua yake. Mi kikombe naweza kumfundisha, vizuri tu, na nadhani kesho nitampelekea. Ila haki ya Mungu itabidi nimwambie na sehemu ya pili, kwamba Bibie akishaipenda chupa hakuiacha tena, miaka 2 imefika, anaongea, anabishana, na chupa ipo mdomoni. Mwisho tukaificha tukamwambia kunguru kaibeba. Akaenda dirishani, akamtafuta kunguru kwenye bati la jirani, akampata, akamtukana tusi moja zito ambalo mama yake anasema limetoka kwangu, na mimi nina uhakika kabisa limetoka Posta.