Mfano mdogo wa nyumba ya Bayleaf: kumbukumbu ya wiki ya 14

Wiki hii nimefanikiwa kusimamisha kiunzi cha ukuta wa nyuma, baada ya kukibomoa mara mbili, na kwa mara ya kwanza kinasimama chenyewe bila tone la gundi.

Kwa anayeanza kufuatilia sasa, Bayleaf ni nyumba ya mkulima wa Kiingereza iliyojengwa Chiddingstone, katika jimbo la Kent. Ukumbi wake na upande wa stoo za vyakula na vinywaji ni vya mwanzoni mwa karne ya 15, na upande wa vyumba vya mwenye nyumba uliongezwa miaka ya mwanzo ya karne ya 16. Ilipoamuliwa kujenga bwawa la maji la Bough Beech, mwishoni mwa miaka ya 1960, nyumba ilifunguliwa mti mmoja mmoja, ikahamishiwa kwenye makumbusho ya Weald and Downland huko Singleton, West Sussex, na kusimamishwa upya mwaka 1972. Mimi ninaijenga kwa kipimo cha 1 kwa 20. Nilianza na vipande vya mwaloni, kwa kuwa ndio mti wa nyumba yenyewe, lakini nyuzi zake ni nene mno kwa kipimo hiki, hivyo nimehamia kwenye mti wa peasi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye kichwa cha nguzo. Nilichonga ulimi mmoja tu, yaani ncha nyembamba ya mti inayoingia kwenye tundu la mti mwingine, nikatia gundi, na nilipoweka makombamoyo ya majaribio uzito wa paa ukazisukuma kuta nje hadi gundi ikaachia. Ndipo niliporudi makumbusho na kusimama muda mrefu chini ya nguzo moja, nikiitazama kuanzia juu. Kichwa cha nguzo katika nyumba za aina hii ni kinene kuliko mwili wake, kwa sababu fundi aliugeuza mti, upande wa shina ukawa juu, ili apate nafasi ya kuchonga ndimi mbili. Ulimi wa nje huingia kwenye mwamba unaopita juu ya ukuta. Ulimi wa ndani, ulio mrefu zaidi, huingia kwenye boriti inayokatiza nyumba kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Boriti hiyo hulala juu ya mwamba, na upande wake wa chini umechongwa umbo la mkia wa njiwa, lililotanuka mwishoni, nao hukaa ndani ya mwamba barabara, kiasi kwamba kadiri paa linavyosukuma ndivyo kiungo kinavyozidi kukaza. Miti mitatu inashikana mahali pamoja, na kila mmoja unamzuia mwenzake. Katika mambo yote niliyojifunza tangu nianze mradi huu, hakuna lililonigusa kama hili.

Mara ya pili nilichonga ndimi zote mbili sawasawa, lakini niliweka boriti kabla ya mwamba, na mwamba ukakosa pa kupita. Utaratibu ni nguzo, mwamba, kisha boriti, wala haugeuziki.

Viungo vyenyewe hufungwa kwa vijiti vya mwaloni. Tundu la kijiti kwenye ulimi hutobolewa likiwa limesogea kidogo kuelekea kwenye bega la ulimi, pale ulimi unapoanzia kwenye mwili wa mti, lisilingane na tundu la mti wa pili, ili kijiti kinapopigwa nyundo kiuvute ulimi ndani na kufunga kiungo kabisa. Mafundi walichonga mwaloni ukiwa mbichi, kwa kuwa ukikauka unakuwa mgumu mno kwa patasi. Mimi nilisogeza tundu kwa milimita moja na kupasua ndimi tatu. Kwa nusu milimita zimekaa vizuri.

Nimeanza pia kutia alama kila mti kwa tarakimu za Kirumi zilizokwaruzwa kwa ncha ya kisu. Zamani kiunzi kililazwa chini, kikaunganishwa kwa majaribio, kikafunguliwa na kupelekwa kiwanjani, na bila alama hizo hakuna ambaye angejua nguzo ipi ni ya tundu lipi. Baada ya kuchanganya mihimili ya kushoto na kulia jioni nzima, nimeona umuhimu wake.

Nafasi kati ya nguzo zitajazwa fito na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, kisha chokaa. Aliyekulia kwenye nyumba ya fito na udongo, kama mimi, hatahitaji kuelezwa kazi hiyo.

Kinachofuata ni upande wa mbele, na ndio ninaouogopa zaidi. Hapo orofa za pande mbili zimetokeza mbele, ukuta wa ukumbi umebaki nyuma, lakini paa ni moja lililonyooka, kwa hiyo katikati mwamba hupita hewani bila ukuta chini yake, ukiegemea mihimili iliyopinda. Mihimili hiyo lazima ichongwe kutoka kwenye matawi yaliyopinda yenyewe, maana mti ulionyooka ukikatwa kwa umbo hilo nyuzi zake hukatika. Nimeshapata matawi mawili ya peasi yenye mpindo unaofaa. Mbao za paa juu ya ukumbi nitazipaka masizi kabla ya kuziweka, kwa kuwa moto uliwashwa katikati ya sakafu na moshi ukapanda hadi darini bila dohani.