Fidia ya majanga Marekani: ng'ombe amekufa, karatasi ziko wapi?

Mkulima wa Marekani akipigwa na ukame au mafuriko, haendi Washington kudai. Anakwenda ofisi ya FSA, wakala wa Wizara ya Kilimo, kwenye kaunti yake. Huko kuna kamati ya wakulima 3 hadi 11 waliochaguliwa na wenzao. Wanajua mvua ilikatika lini, lakini huruma yao haijazi fomu.

Fidia isiyo na mabishano mengi ni ya malisho, LFP. Haipimi nyasi shamba kwa shamba. Inafuata ramani ya ukame inayotolewa kila Alhamisi kutoka Lincoln, Nebraska. Sehemu yoyote ya kaunti ikifika daraja D3, yaani ukame mkali mno, hata mara moja ndani ya msimu wa malisho, kaunti nzima inafunguliwa kwa malipo ya miezi 3. D3 ikifikisha wiki 4, au D4, daraja la juu kabisa, ikitokea hata mara moja, yanakuwa miezi 4; D4 ikifikisha wiki 4, miezi 5. Hivyo hata wewe ambaye upande wako ramani haikuuweka kwenye D3 unaingia, mradi malisho yako yameathirika kweli. Wapo wanaonung'unika kwamba ni upendeleo, ila mbadala wake ni kupeleka mkaguzi kwenye kila boma.

Kiasi ndicho huwashangaza watu. Malipo ya mwezi ni asilimia 60 ya gharama ya kulisha mifugo, au ya kile ambacho ardhi yako ingeweza kulisha, hesabu iliyo ndogo ndiyo inayotumika. Ukirundika ng'ombe wengi kwenye ekari chache, ni ekari zitakazohesabiwa. Na ekari ambazo hukuziripoti ofisini hazihesabiwi kabisa.

Mifugo ikifa kwa tufani ya theluji au joto kali, kuna LIP: asilimia 75 ya bei ya wastani ya soko, baada ya kutoa vifo vya kawaida. Tuseme una ng'ombe 200 na kiwango cha kawaida ni asilimia 1.5, watatu wa kwanza ni wako. Wakifa 11, unalipwa 8. Lakini ulikuwa na 200 kweli? Hapo ndipo madai mengi hukwama, kwa kukosa idadi ya kabla ya janga. Risiti za ununuzi, orodha ya benki iliyokukopesha, daftari la chanjo, vyote vinasaidia. Mizoga ipige picha kabla ya kuzika, namba ya hereni ya sikioni ionekane.

Uzio uliobebwa na maji una mlango mwingine, ECP, unaochangia hadi asilimia 75 ya gharama kwa wengi. Kosa la kawaida ni kuurudisha uzio kwanza, kisha kwenda kuomba. Omba kwanza.

Kwa mazao yasiyo na bima ya kawaida kuna NAP, inayonunuliwa kabla ya msimu: dola 325 kwa zao, au dola 825 kwa mazao yote ndani ya kaunti. Kiwango cha msingi hulipa hasara inayozidi nusu ya mavuno, kwa asilimia 55 ya bei. Taarifa ya hasara ni ndani ya siku 15. Kwa mazao ya kuchuma kwa mkono, toa taarifa ndani ya saa 72 tangu uione. Kisha acha shamba lilivyo. Ukilima na kupanda kitu kingine kabla mkaguzi hajafika, umezika ushahidi pamoja na mabua.