Maboksi chini ya kitanda

Jana wife kaniuliza, baba watoto, haya maboksi yanahama lini? Yalikuja kumi, kila moja vitabu 50, sa hivi yamebaki sita na nusu na mende wameshayazoea.

Riwaya yenyewe niliiandika miaka miwili na ushee, usiku usiku nikitoka job, nikajua hapo ndo nimemaliza kazi ngumu. Kumbe wapi. Nikapeleka mswada kwa wachapishaji kama watu wengine, mmoja kakaa nao miezi nane hata "tumepokea" hakuna, mwingine alikuwa muungwana, kaniita ofisini akaniambia ukweli mchungu, ndugu yangu hadithi yako tamu ila sisi tunaishi kwa vitabu vya shule, riwaya isiyosomwa darasani ntamuuzia nani? Sikumlaumu. Kitabu kikishapitishwa na Taasisi ya Elimu kikaingia kwenye vile vya kusomwa sekondari, kila mwaka kina wanunuzi wapende wasipende. Changu ukurasa wa tatu tu kuna maiti kwenye gesti ya Manzese, nani akipitishe?

Basi nikachapa mwenyewe. Na wala si jambo jipya, Ben Mtobwa yule yule wa riwaya za upelelezi aliyetunyima usingizi alikuwa na Heko Publishers yake. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, nilienda kuchukua Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, hiyo haikunitoa jasho. Jasho lilikuwa kwa mchapaji. Kitabu kilitoka kurasa 227, jamaa kakiangalia akasema kaka, hii mashine inakwenda kwa kumi na sita kumi na sita, ama ufike 240 ulipie karatasi nyeupe ama ushuke 224. Nikashuka, maana hela yenyewe ya mkopo. Nikatafuta kurasa tatu za kukata, kwenye hadithi roho ikagoma, zikaenda shukrani zote. Sasa mama mdogo ndo alinikopesha laki nne katika hela ya kuchapia. Nikampelekea nakala ya kwanza, kavaa miwani, kapekua mwanzo, kapekua mwisho, kaniangalia: "Mwanangu, mi niko ukurasa wa ngapi?" Mpaka leo nikipiga simu kumsalimia naongea haraka haraka.

Hesabu iko hivi. Nakala moja ilinigharimu 5,500, nauza 12,000. Ukisikia hivyo unaona huyu kashatoboa. Sasa peleka dukani, wanachukua mali kauli, wanakata asilimia 40, unabaki na 7,200, faida 1,700 na hiyo hujaigusa mpaka kitabu kiuzike, na ili ujue kimeuzika unapanda daladala kwenda kuuliza, unaambiwa boss hayupo njoo wiki ijayo. Duka moja nimelifuata mara tano kwa vitabu sita. Nikisema mi ndo nadaiwa sikosei.

Mitandaoni nako nikiposti kava ni hongera mkuu, tunajivunia wewe, ntakitafuta, na ile inayonimaliza kabisa, "nakala yangu iko wapi?", halafu anayeuliza hivyo ni mtu wa kunywa bia nne kwa mkupuo. Siku niliyopata hongera nyingi kuliko zote walilipa watu wanne. Akitokea wa Tunduma anataka kweli, kifurushi cha basi 5,000, kitabu kinafika 17,000, hapo anakuaga kwa adabu.

Halafu mtu anakaa kwenye redio anasema Wabongo hawasomi. Hawasomi nini? Nilivyoona mambo magumu nikaanza kuirusha riwaya ile ile kwenye grupu la WhatsApp, sehemu tano za kwanza bure, kuendelea buku mbili kwa M-Pesa. Jamani. Saa sita usiku mtu ananipigia simu, mlinzi wa getini huko Tegeta, ananiambia mwandishi usinifanyie hivyo, huyo mwanamke kafa au hajafa? Ndani ya wiki tatu nimepata hela kuliko maduka yote kwa mwaka. Hawa watu wanasoma, tena kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, ila 17,000 ya kitabu hawana na duka la vitabu walipo halipo.

Sasa nisherehekee? Wiki ya nne binamu yangu wa Morogoro ananitumia PDF, "kaka soma hii simulizi ni hatari, imenikosesha hata kula". Naifungua, yangu. Jina limefutwa, namba ya malipo imewekwa nyingine, hata kosa langu la sehemu ya 19, pale nilipomwita inspekta jina la marehemu, lipo vile vile. Nikamwambia hii nimeandika mimi. Akajibu acha utani kaka, ya kwako si ile ya maboksi?

Haki ipo najua, kuna COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, na sheria yake, ila hiyo PDF imeshapita magrupu mangapi, nianze kumkamata nani?

Mwalimu mmoja wa Tunduma aliyesoma ile ya wizi kanitafuta, anataka vya karatasi vitatu, kimoja cha kwake, viwili vya wenzake, na nauli kakubali. Kesho alfajiri niko stendi ya Magufuli pale Mbezi. Nimevitoa kwenye lile boksi la nusu, kimoja kina alama ya mende kwenye kava, nimekirudisha nikachukua kingine.