Mama, haikuwa panya

Wiki iliyopita nilikuta mkebe wa sukari umebaki nusu na punje zimefuatana mpaka kwenye mkeka wa mwanangu, ana miaka mitano, nikamuuliza nani kala sukari, akaniangalia usoni kabisa akasema panya. Na midomo bado inang'aa.

Mi nimekulia Walukuba hapa Jinja, kila nyumba na kabila lake, Kiswahili ndo kilituunganisha watoto, jioni jajja (ndo bibi au babu kwetu) akisema "hadithi hadithi" sote tunaitikia "hadithi njoo!" Tuliyoipenda ni ile ya ukame, wanyama wanachimba kisima, Sungura anakataa kuchimba halafu usiku anakuja kuiba maji, anawahadaa walinzi kwa asali mmoja baada ya mwingine mpaka Kobe anapakwa ulimbo mgongoni anajilaza majini, Sungura akikanyaga tu, mguu umenasa. Basi nikamsimulia hiyo saa ileile, na pale Sungura aliponasa nikamkazia macho. Kimya. Kesho yake ananiuliza, "Mama, kwa nini Sungura hakuvaa viatu?"

Yani alikuwa anamtafutia Sungura njia ya kuponea!

Nikakumbuka utafiti wa Kang Lee na wenzake kule Kanada, ulitoka 2014, watoto wa miaka 3 mpaka 7 walisomewa hadithi kisha wakaulizwa kama wamechungulia kichezeo walichokatazwa kukiangalia. Waliosomewa ya kijana mchunga kondoo mwongo aliyepiga kelele kwamba mbwa mwitu kaja hawakukiri zaidi kuliko waliosomewa mbio za Kobe na Sungura ambazo hazihusu uongo hata kidogo, waliokiri zaidi ni wale waliosikia ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, akiwa mdogo, alikata mti wa baba yake, akasema ukweli, baba akamsifu.

Kumtisha tulishazoea, kumsifu mkweli ndo tunasahau.

Jumamosi umeme ukakatika, tumekaa gizani na mshumaa, nikamsimulia ya mkata kuni shoka lake limezama mtoni, mto nikaufanya Nile yetu hii anayoijua. Mzee anatoka majini na shoka la dhahabu, la kwako hili? Hapana mzee. La fedha? Hapana. Safari hii sikumwangalia, niliangalia mshumaa.

"Hakuogopa mzee atamkasirikia?"

"Aliogopa sana, na akasema hivyohivyo."

Tukakaa, muda mrefu tu, mpaka nikadhani kasinzia.

"Mama, haikuwa panya."

Nilimvuta nikamkumbatia nikamwambia asante baba kwa kuniambia, umenifurahisha, na ya sukari sikuiongeza hata neno. Ningemchapa pale, nani angenieleza kitu tena?

Sungura sijamwacha, watoto wanampenda na mi nampenda, ila simtoi siku ya kosa. Jana jioni kaniletea mwiko, kanipa zamu ya mzee wa mtoni, yeye kakaa kwenye ngazi ya mlango anajibu kwa sauti mpaka jirani kasikia, "Hapana mzee, si langu!"