Kinachotokea ndani ya seli kati ya dozi ya Jumatatu na ya Jumanne

Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi anayepewa mionzi ya nje kwa kawaida hupangiwa dozi 25 hivi, Gy (grei, kipimo cha mionzi) 1.8 au 2 kila moja, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Baada ya hapo hufuata mionzi ya ndani, inayotolewa ndani ya mwili karibu na uvimbe. Ndugu zake huuliza swali la haki kabisa: kama jumla inajulikana tangu mwanzo, kwa nini asipewe yote kwa siku chache arudi zake Songea au Kigoma? Jibu limo katika zile saa 24 zinazopita kati ya dozi na dozi. Saa hizo ni sehemu ya tiba.

Gy 1 ni joule 1 ya nishati iliyomezwa na kilo 1 ya mwili. Ni kidogo mno. Gy 4 zikipiga mwili mzima kwa mkupuo huua karibu nusu ya watu wasiopata matibabu, na hata hivyo joto la mwili hupanda takriban nyuzi 0.001 tu. Kwa hiyo, ingawa watu husema "kuchomwa mionzi", seli haifi kwa kuungua. Hufa kwa sababu DNA yake, nyuzi mbili zilizosokotana zenye maagizo ya seli, imekatika.

Mionzi ikipita kwenye seli hung'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Elektroni hizo huweza kugonga DNA moja kwa moja, lakini karibu theluthi mbili ya madhara hupitia kwenye maji: molekuli ya maji huvunjika, na kipande kiitwacho radikali ya haidroksili huvamia DNA iliyo jirani. Kipande hiki hakifiki mbali, nanomita chache tu, kwa hiyo maji yenye madhara ni yale yaliyoikumbatia DNA yenyewe.

Kila Gy 1 huiachia seli moja mikatiko ya uzi mmoja ipatayo 1,000, besi (herufi za DNA) nyingi zilizoharibika, na mikatiko ya nyuzi zote mbili kati ya 20 na 40. Zile elfu zisikutishe. Kemia ya kawaida ya mwili peke yake huitia kila seli majeraha ya DNA zaidi ya 10,000 kwa siku, nayo huyarekebisha. Besi ya guanini ikioksidishwa, kimeng'enya OGG1 huing'oa, APE1 hukata uzi pale palipobaki wazi, polimerasi beta hujaza herufi sahihi kwa kusoma uzi wa pili, na ligasi hufunga. Kazi ya dakika chache.

Shida ni zile 20 hadi 40. Elektroni inapokaribia kusimama hutupa nishati yake mahali pamoja, majeraha yakarundikana ndani ya jozi kama 10 za besi. Nyuzi zote mbili zikikatika hapo, hakuna uzi mzima wa kusomea.

Seli ina njia kuu mbili za kuunga mkatiko huo. Ya kwanza hufanya kazi wakati wote: protini Ku70 na Ku80 hushika ncha mbili, DNA-PKcs huja juu yake, Artemis hupunguza ncha zilizochakaa, kisha ligasi IV na XRCC4 huunganisha. Ni kama fundi cherehani anayekata nyuzi zilizofumuka kabla ya kushona: kitambaa kinashikana, ila kimepungua. Herufi chache hupotea, na pakiwa na mikatiko mingi kwa wakati mmoja, ncha ya kromosomu moja huweza kushonwa kwenye kromosomu nyingine. Njia ya pili ni sahihi zaidi. Protini BRCA2 huipanga protini nyingine, RAD51, juu ya uzi uliokatika, nao hutafuta nakala pacha na kuinakili. Lakini pacha huyo yupo tu baada ya seli kunakili DNA yake na kabla haijagawanyika.

Mikatiko mingi huungwa ndani ya saa chache za mwanzo. Tishu za rektamu (mwisho wa utumbo mpana) na kibofu, zilizo jirani na uvimbe, hutumia saa hizo vizuri. Seli ya saratani hii ina kasoro kubwa: protini E6 ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, huiharibu protini p53, ambayo mojawapo ya kazi zake ni kusimamisha seli hadi matengenezo yaishe. Seli inaendelea kugawanyika na kromosomu zilizokatika, na hapo ndipo nyingi hufa. Ndiyo maana uvimbe hausinyai wiki ya kwanza, na matokeo hupimwa vizuri miezi mitatu hivi baada ya tiba.

Sasa fikiria mtu amekosa Jumatatu, akaomba Gy 4 Jumanne. Kwa hesabu inayotumika kliniki, Gy 4 kwa mkupuo huupiga uvimbe kwa nguvu zaidi ya 2 na 2 kwa takriban asilimia 17, lakini rektamu na kibofu kwa asilimia 40. Matokeo yake, kutokwa damu au fistula (tundu kati ya viungo), huonekana miezi au miaka baadaye. Njia salama ya kufidia ni kutibu Jumamosi, au dozi mbili siku moja zikiachana angalau saa 6.

Kuchelewa nako kuna gharama, maana seli za saratani zilizobaki huongezeka. Tiba nzima, pamoja na mionzi ya ndani, inatakiwa iishe ndani ya wiki 8. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, ya kobalti, pale hospitali ya Mulago, iliharibika kabisa; wagonjwa waliokuwa katikati ya tiba ndio niliowahurumia kuliko wote.

Jambo la mwisho ni damu. Oksijeni hulifanya jeraha la radikali kuwa la kudumu kabla kemia ya seli haijalifuta. Sehemu ya uvimbe isiyo na oksijeni huhitaji dozi mara 2.5 hadi 3. Vituo vingi hutaka hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ifike angalau 10 g/dL, kwa hiyo mgonjwa anayetokwa damu aseme mapema, aongezewe. Sigara aache. Vidonge vya dozi kubwa vya vitamini C na E aviweke kando hadi amalize, kwani huweza kuzima radikali zilezile tunazozihitaji. Machungwa na mchicha ale bila wasiwasi.